Tuwashukuruje Wazee wa Majengo?

Wahenga walinena kuwa shukrani ya punda ni mateke. Nimeikumbuka methali hiyo mara nyingi tangu wanafunzi wangu nami tulipofunga maonyesho madogo ya picha na masimulizi ya wakazi wa Pumwani, jijini Nairobi. Wazee waliotufungulia milango na vifua vyao wanastahili shukrani. Swali ni shukrani ya namna gani.

Pumwani ilitengwa na serikali ya kikoloni mwanzoni mwa miaka ya 1920 iwe makazi ya Waafrika. Wenyeji walijijengea nyumba za udongo, na sehemu hiyo ikaitwa Majengo. Mitaa jirani nayo imebeba historia katika majina yake. Kariokor, sawa na Kariakoo ya Dar es Salaam, ni jina la kikosi cha wapagazi wa Vita Vikuu vya Kwanza, lililogeuzwa na ndimi za Waafrika. Kijiji cha zamani cha Pangani kilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wengi wakahamishiwa Shauri Moyo.

Nyanya mmoja alitueleza asili ya jina hili la mwisho kama alivyohadithiwa na mamake: kwamba kuhama kulikuwa shauri ya moyo wa kila mtu. Tulipoyaandika maneno yake ukutani, nilisahihisha nikaweka "shauri la moyo", kama sarufi ya vitabuni inavyodai. Siku ya ufunguzi alisomewa na mjukuu wake, akatikisa kichwa na kusema kuwa huyo aliyeandikwa pale si yeye. Nilitahayari. Mbona hata sisi wasomi husema "shauri yako" bila kusita? Bango lilibadilishwa siku iyo hiyo.

Kosa langu lilikuwa la silabi moja, lakini ni mtoto wa kosa kubwa zaidi. Mtafiti hurekodi, hupata shahada yake, na msimulizi hasikii tena habari zake. Kitabu mashuhuri cha Luise White kuhusu wanawake wa Nairobi ya kikoloni, kilichochapishwa mwaka 1990, kilitegemea sana vinywa vya wakazi wa mitaa hii. Je, ni wajukuu wangapi wa Majengo waliowahi kukishika mkononi?

Nyumba za udongo zinazidi kupisha ghorofa, na mwenye kumbukumbu akifa hatuna pa kumwuliza. Kwa hiyo nawasihi wenzangu wa vyuoni: kila msimulizi apewe nakala ya sauti yake, aulizwe kama angependa jina lake litajwe, na nakala nyingine ihifadhiwe mtaani kwake, si chuoni pekee. Sisi tumeanza kuzirudisha, nyumba kwa nyumba.

Wazee wetu, ahsanteni. Mlitupa maneno yenu kama yalivyo. Nasi tunayarudisha kama yalivyo.