Wasanifu wa Nairobi Wanaoanzia Pangoni

Mteja akienda kwa msanifu majengo Nairobi, huuliza kwanza ghorofa zitakuwa ngapi na ujenzi utakamilika lini. Kabage Karanja na Stella Mutegi, walioanzisha Cave_bureau jijini humo mwaka 2014, wamejijengea jina kwa swali jingine: kabla ya jengo, ardhi hii ilikuwa ya nani na imeshuhudia nini? Jibu wamekwenda kulitafuta mapangoni.

Kenya haikosi mapango. Mlima Suswa umechimbika kwa njia za chini ya ardhi zilizoachwa na lava, na nyani hulala humo usiku. Kiambu kuna mapango ya Mbai. Pwani, kaunti ya Kwale, kuna Shimoni. Wasanifu hawa huingia humo pamoja na wenyeji, huketi wakazungumza, kisha hupima kila kona kwa skana ya leza na kulichorea pango ramani kwa uangalifu ule ule ambao wengine huuweka kwa mnara wa ofisi. Mradi huo mrefu wameuita Jumba la Makumbusho la Anthroposini, yaani enzi ambayo binadamu ameibadilisha dunia hadi kwenye miamba yake. Ni makumbusho yasiyo na jumba moja. Huhamia penye kovu.

Mbai iko katika bustani ya mapumziko ya Paradise Lost, ambako familia huenda kupanda mashua. Wapiganaji wa Mau Mau walijificha humo baada ya serikali ya kikoloni kutangaza hali ya hatari Oktoba 1952. Mwaka 2021, katika maonyesho ya usanifu ya Venice, Italia, Cave_bureau walining'iniza darini vipande vingi vya obsidiani, lile jiwe jeusi la volkano linalong'aa kama kioo, kutoka Bonde la Ufa. Kila kipande kilishushwa kwa kimo chake, hata ncha zote kwa pamoja zikachora paa la pango la Mbai. Mgeni aliyesimama chini yake alikuwa na mwamba wa Kiambu juu ya utosi wake, uliochorwa kwa jiwe lile lile ambalo mababu wa bonde hilo walilichonga visu maelfu ya miaka iliyopita. Wapo wanaosema huo ni uchongaji, si usanifu. Mimi nasema ni usanifu kamili: umepima paa, ukampa mtu nafasi ya kulihisi, na umemweleza nani aliwahi kujihifadhi chini yake.

Shimoni ni habari nzito zaidi. Katika mapango yale ya matumbawe, watu waliotekwa walifungiwa wakisubiri majahazi ya kuwapeleka sokoni Unguja. Mwaka 2025 Karanja na Mutegi, wakishirikiana na Owen Hopkins na Kathryn Yusoff wa Uingereza, walikabidhiwa banda la Uingereza huko huko Venice. Ndani yake kikasimama kipande cha pango la Shimoni kilichofumwa kwa henzerani. Nje, uso wa jengo lile lenye nguzo za kifahari ukafunikwa pazia la shanga: vitofali vya makaa ya mabaki ya mashambani, udongo wa mfinyanzi na vioo vya India, kwa kufuata manyatta za Wamaasai. Majaji wakalitaja kwa heshima maalumu. Nina fahari nalo, kwani dola iliyotangaza hali ya hatari Kenya ilifunikwa mlango wake na Wakenya, kwa idhini yake yenyewe.

Lakini hapa ndipo penye shida. Venice ni mbali. Hata maonyesho yao makubwa ya 2023 yalikuwa Denmark, katika makumbusho ya Louisiana. Mtoto wa Kwale anayepita karibu na pango la Shimoni akienda shule ana haki ya kwanza ya kuiona kazi hii.

Ndiyo maana mradi wao unaonigusa kuliko yote ni ule unaobaki nyumbani: njia za ng'ombe Nairobi. Jiji hili lilianza kama kituo cha reli mwaka 1899, kwenye malisho ya Wamaasai, ambao mikataba ya 1904 na 1911 iliwasukuma mbali. Ukame ukizidi, wafugaji huingiza mifugo mjini kutafuta nyasi za kando ya barabara, na madereva huwapigia honi kana kwamba wao ndio wageni. Cave_bureau wamependekeza jiji litenge njia zenye malisho na maji, ng'ombe apite kwa haki yake.

Pendekezo hilo halihitaji nguzo wala vioo. Kaunti ya Nairobi ingeweza kuanza na njia moja tu, upande wa Lang'ata, yenye hori la maji na miti ya kivuli kwa mchungaji, kabla ukame mwingine haujafika.