Divai nyekundu haiongezi damu

"Papa, hii inaongeza damu?" Nimeulizwa tena juzi, hapa Makiso, mjini Kisangani, hata kizibo hakijatoka. Chupa ilikuwa ya Cinsault, zabibu nyekundu, kutoka mizabibu mikongwe ya Afrika Kusini. Nilipomimina, rangi ilikuwa hafifu, vidole vinaonekana ng'ambo ya glasi. Mama aliyeuliza akairudisha mezani: haina nguvu hii.

Wekundu wa divai hutoka kwenye ganda la zabibu. Zikamue zabibu nyingi nyekundu bila maganda, maji yake hayawi mekundu. Wekundu wa damu ni hemoglobini, inayojengwa kwa madini ya chuma, na glasi ya divai ina chuma kidogo mno. Tena tanini, ule ukakasi unaokausha ulimi, hukishika chuma cha sombe na maharagwe tumboni kisiingie vizuri mwilini. Kwa hiyo anayeteremsha chakula kwa divai ili apate damu anajinyima hichohicho anachokitafuta. Kuichanganya na tomati ya kopo au yai bichi hakuifanyi iwe dawa. Na mama mjamzito, anayesukumiwa dawa hii na jirani, anamfikishia mtoto pombe tumboni. Hapo uvumilivu wangu huisha. Upungufu wa damu kwetu una vyanzo vinavyojulikana: malaria, minyoo, selimundu, lishe duni, uzazi wa kufuatana. Vingi vina vipimo, na mwezi wa kunywa divai ni mwezi wa kuchelewa kupimwa.

Turudi kwenye glasi iliyokataliwa. Kikongwe hapa ni mti, si chupa. Mzabibu mzee huzaa mashada machache, ndiyo maana wakulima wengi waliung'oa. Mtaalamu wa mizabibu Rosa Kruger alizunguka Afrika Kusini akitafuta mashamba yaliyosalia. Leo mradi wa Old Vine Project huyapa yale yenye miaka 35 na zaidi muhuri wa chupani, wenye mwaka wa kupandwa. Cinsault ina punje kubwa, maji mengi kuliko ganda. Uhafifu wa rangi ni asili yake. Nikaionja: matunda mekundu, udongo ulioguswa na mvua ya kwanza, uchachu safi, ladha ndefu kooni. Divai nzuri kuliko zote za siku ile.

Iweke friji nusu saa. Joto la Kisangani huikuza pombe puani. Inywe na liboke ya samaki. Ikifunguliwa, imalize kwa siku mbili tatu. Chupa iliyopigwa jua sokoni, iache. Mwenye kizunguzungu na viganja vilivyopauka aende kupima hemoglobini leo, na daktari akimwandikia vidonge vya chuma, avimeze kwa maji.