Je, Wajua? Giya Kancheli, Mtunzi Aliyekipa Kimya Sauti

Je, wajua kwamba mtunzi aliyelifikisha jina la Georgia katika kumbi kubwa za muziki duniani alianzia kwenye mawe? Giya Kancheli alizaliwa Tbilisi tarehe 10 Agosti 1935, akasomea jiolojia kwanza, na ndipo mwaka 1959 akaingia Konsavatori ya Tbilisi kusomea utunzi. Georgia hiyo ni nchi ya milima ya Kaukasia, ng'ambo ya mashariki ya Bahari Nyeusi, wala si jimbo la Marekani.

Je, wajua kwamba aliandika simfonia saba tu? Ya kwanza ilikamilika mwaka 1967 na ya saba mwaka 1986, nayo akaiita Epilogi, yaani maneno ya kufungia. Alikuwa ameamua kweli. Aliishi miaka 33 zaidi, akaandika kazi nyingi za okestra, lakini simfonia ya nane hakuiandika.

Nyingi kati ya simfonia hizo zilisikika kwanza mikononi mwa mtu mmoja, mwongozaji wa okestra Jansug Kakhidze, rafiki yake wa Tbilisi. Mtunzi anayeandika polepole na kwa sauti ya chini namna ile anamhitaji mwongozaji asiye na haraka, na Kancheli alijaliwa kumpata.

Simfonia ya Nne ya mwaka 1974 aliitunga kwa kumkumbuka Michelangelo, mchongaji wa Italia, kwa kuwa mwaka uliofuata ulikuwa unatimia miaka 500 tangu azaliwe. Inaanza kwa kengele. Mwaka 1976 ilimpatia Tuzo ya Taifa ya Umoja wa Kisovieti, na mwaka 1978 Okestra ya Philadelphia ikaipiga Marekani, vita baridi vikiwa bado havijaisha.

Je, wajua kwamba ndani ya Simfonia ya Tatu, ya mwaka 1973, mna sauti ya mtu anayeimba bila maneno? Aliyeiimba ni Hamlet Gonashvili, bingwa wa nyimbo za asili za Georgia, ambaye alifariki mwaka 1985 kwa kuanguka kutoka kwenye mtofaa. Waimbaji wa Georgia huimba kwa sauti tatu zinazokwenda pamoja, kila moja ikishika njia yake, na UNESCO iliutambua uimbaji huo kuwa hazina ya binadamu mwaka 2001. Wimbo wao mmoja, Chakrulo, uko angani tangu mwaka 1977, ndani ya diski zilizobebwa na vyombo vya anga vya Voyager. Kancheli hakunakili nyimbo hizo. Alichochukua kwao ni pumzi ndefu, ile subira ya kushikilia noti moja mpaka msikilizaji aanze kuisikia upya.

Hapa kwenye Simfonia ya Tano inafaa tukae kidogo. Aliiandika mwaka 1977 kwa kuwakumbuka wazazi wake. Inafunguliwa na hapsikodi, kinanda cha kale ambacho nyuzi zake hudonolewa badala ya kugongwa. Kinapiga kijiwimbo chepesi cha kitoto, kama mtoto anayejifundisha chumba cha pili huku mlango umefungwa. Unaanza kukizoea. Mara okestra nzima inakishukia kwa kishindo, na kinapotea. Baadaye kinarudi, kimejeruhiwa, kikitafuta pale kilipokuwa. Aliyefiwa na mzazi hahitaji kuelezwa hayo ni nini, na mimi sijui muziki mwingine unaosema wazi hivyo namna kumbukumbu inavyokuja na kukatwa.

Wajua pia kwamba mamilioni ya watu wanaimba wimbo wake bila kumjua? Mwaka 1977 ilitoka filamu ya Mimino ya Georgiy Daneliya, kisa cha rubani wa helikopta kutoka milima ya Georgia, na wimbo wake Chito-Gvrito, ulioimbwa na Vakhtang Kikabidze, ukaenea Umoja wa Kisovieti wote. Muziki wa Kin-dza-dza!, filamu ya mwaka 1986, ni wake vilevile. Na kwa takriban miaka 20 tangu mwaka 1971 alikuwa mkuu wa muziki katika ukumbi wa michezo ya kuigiza wa Rustaveli huko Tbilisi, akifanya kazi na mwongozaji Robert Sturua. Mchezo wao wa Richard III wa Shakespeare ulisafiri hadi Edinburgh mwaka 1979 na London mwaka 1980, ukaigizwa kwa Kigeorgia mbele ya Waingereza wenyewe.

Mwaka 1985 ilikamilika Huzuni Angavu, kazi ya okestra, kwaya ya watoto na wavulana wawili waimbaji, kwa ajili ya watoto waliouawa na vita. Wavulana wale wanaimba taratibu, karibu kunong'ona. Hawapigi kelele hata mara moja.

Mwaka 1991 Kancheli alihamia Berlin kwa ufadhili wa wasanii. Mwisho wa mwaka huohuo mapigano yalizuka katikati ya Tbilisi, kwenye barabara ya Rustaveli, ulipo ukumbi ule alimofanyia kazi. Mwaka 1995 akaenda Antwerp, Ubelgiji, na hapo akaweka makazi. Tazama majina ya kazi za miaka hiyo: Exil, yaani Uhamisho, yenye maneno ya Zaburi ya 23 na ya mshairi Paul Celan, Abii ne viderem, Kilatini cha "niligeuka nisione", na Maisha Bila Krismasi, mfululizo wa sala nne za asubuhi, adhuhuri, jioni na usiku.

Sala za Usiku aliwaandikia Kronos Quartet, wapigaji wanne wa fidla mbili, viola na selo. Msikilizaji wa taarabu anaijua fidla kwa madoido yake. Hapa inanyimwa madoido yote. Upinde unagusa uzi kwa shida, sauti inabaki uzi mwembamba, halafu wote wanne wanapasuka pamoja.

Viola, dada mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito kidogo, ilikuwa kipenzi chake. Simfonia ya Sita inazo mbili. Styx, ya mwaka 1999, ina moja, pamoja na kwaya na okestra, na iliwakumbuka marafiki wawili watunzi, Avet Terterian aliyefariki mwaka 1994 na Alfred Schnittke aliyemfuata mwaka 1998. Styx ni mto ambao Wagiriki wa kale waliamini kwamba wafu huvushwa. Viola ndiyo mtumbwi.

Na je, wajua kwamba aliwahi kukitungia muziki kijiji kitupu? Imber, kusini mwa Uingereza, kilihamishwa watu wote Desemba 1943 ili askari wa Marekani wapate mahali pa mazoezi, na wanakijiji hawakuruhusiwa tena kurudi kuishi. Mwaka 2003 muziki wake, Little Imber, ulisikika papo hapo kijijini, na waimbaji wa Georgia walikuwepo.

Mwaka 2008 alipewa Tuzo ya Wolf. Alifariki tarehe 2 Oktoba 2019, huko huko Tbilisi alikozaliwa.

Ukitaka kumsikiliza, anza na Simfonia ya Nne, si zaidi ya nusu saa. Subiri usiku, watoto wakishalala. Sauti ikiwa ndogo mno usiiongeze hata kidogo, maana kishindo kinakuja.