UFUPI WA NGANO SI MARADHI

Wananchi wanafahamishwa kuwa ufupi wa nafaka si lazima uwe dalili ya maradhi au ya ardhi iliyochoka. Ngano inayotoa unga wa chapati na mkate katika sehemu kubwa ya dunia ni fupi kwa urithi.

Mmea hutengeneza homoni iitwayo jiberelini, iliyo mfano wa amri ya kurefuka. Ndani ya seli imo protini inayolizuia shina. Homoni ifikapo, protini hiyo huvunjwa na shina hupanda. Katika ngano fupi, protini hiyo ina kasoro, haivunjiki kwa urahisi. Amri ipo, tena tele, lakini haisikilizwi. Hata mche ukinyunyiziwa jiberelini hauitikii ila kidogo. Mpunga wa IR8, uliotolewa nchini Ufilipino mwaka 1966, ni kinyume chake: huo umepungukiwa na homoni yenyewe, na ukinyunyiziwa hurefuka.

Asili ya ngano hiyo ni mbegu ya Kijapani, Norin 10, ya mwaka 1935. Norman Borlaug aliitumia huko Meksiko, kwani ngano ndefu ikitiwa mbolea nyingi ilianguka kwa uzito wa masuke, na mavuno yakaoza chini. Fupi ikasimama, naye akatunukiwa Nishani ya Nobeli ya Amani mwaka 1970.

Dosari haikosi. Chipukizi lake nalo ni fupi. Mkulima wa nchi kavu akiifukia mbegu mbali chini kutafuta unyevu, chipukizi hukwama kabla ya kuona mwanga.