Kuzuia Haki Isitendeke: Shitaka na Utetezi Wake

Mara nyingi tumesikia watu barazani wakisema ya kuwa mtu akishitakiwa kwa kuzuia haki isitendeke, basi hana la kujitetea, maana kushitakiwa kwenyewe kwaonyesha kuwa alikuwa na jambo la kuficha. Wengine husema kinyume chake, ati mtu hawezi kufungwa kwa kutupa kitu kilicho mali yake, wala kwa kumnong'oneza jirani asiende kortini. Maneno hayo yote mawili si ya kweli, na kila moja laweza kumtia mtu taabuni. Kwa hiyo leo twapenda kuwaeleza wasomaji wetu shitaka hili ni la namna gani, na mshitakiwa aweza kujitetea kwa njia zipi zilizo halali.

Korti haioni kwa macho yake mambo yaliyotendeka. Huyaona kwa njia ya mashahidi, na hati, na vitu viletwavyo mbele yake. Mtu akimtisha shahidi, au akichoma hati, au akificha kitu kinachotakiwa kuwa ushahidi, ni sawa na kuipofusha korti. Ndiyo maana kila nchi ina sheria ya kuadhibu tendo hilo. Lakini sheria yenyewe ina mipaka, na mipaka hiyo ndiyo ngao ya mshitakiwa. Tutaonyesha jambo hili kwa shauri moja la mvuvi wa Marekani, ambalo mtu ye yote aliyekaa pwani au ziwani atalifahamu upesi.

Mwezi wa Agosti mwaka 2007, nahodha mmoja jina lake John Yates alikuwa akivua samaki katika Ghuba ya Meksiko, katika chombo kiitwacho Miss Katie. Afisa wa kulinda samaki akapanda chomboni kukagua. Sheria ya wakati ule ilikataza kuchukua chewa mwekundu aliye mfupi kuliko inchi 20. Ilipasa arudishwe majini mara moja. Afisa akawapima samaki, akakuta 72 wasiofikia kipimo. Akaamuru wawekwe mbali na wengine katika masanduku ya mbao, wasiguswe mpaka chombo kifike bandarini. Kosa hilo la samaki wafupi lilikuwa dogo: malipo yake ni faini au kunyimwa ruhusa ya kuvua kwa muda.

Siku chache baadaye chombo kilifika bandari ya Cortez, katika jimbo la Florida. Afisa akawapima tena samaki wa masandukuni, akaona ajabu: samaki walikuwa wamerefuka! Basi akamhoji baharia mmojawapo, naye akakiri ya kuwa nahodha aliwaamuru wawatupe wale wa kwanza baharini na kuweka wengine mahali pao.

Ikapita miaka miwili na zaidi. Mwaka 2010 nahodha akashitakiwa. Kufikia wakati huo kipimo cha chewa kilikuwa kimekwisha kupunguzwa kuwa inchi 18. Lakini hakushitakiwa kwa ufupi wa samaki. Alishitakiwa kwa kuwatupa. Shitaka moja lilisema ameharibu mali ili isikamatwe na Serikali, na adhabu yake yaweza kufika miaka 5. Shitaka la pili lilitokana na sheria ya mwaka 2002, inayomwadhibu mtu anayeharibu au kuficha kumbukumbu, hati, au kitu kinachoshikika, kwa nia ya kuzuia uchunguzi wa Serikali. Adhabu yake yaweza kufika miaka 20. Mwaka 2011 alionekana na hatia kwa mashitaka hayo mawili, akahukumiwa kifungo cha siku 30.

Nahodha akakata rufani juu ya lile shitaka la pili. Wasomaji waangalie vema jinsi alivyojitetea. Mawakili wake hawakuegemea kusema ya kuwa samaki hawakutupwa. Walishika maneno yenyewe ya sheria. Walisema: sheria hii ilitungwa baada ya kampuni kubwa iitwayo Enron kuanguka mwaka 2001, nayo ilikusudiwa kuwazuia watu wasiharibu vitabu vya hesabu na hati. Je, samaki ni kitu cha namna hiyo?

Serikali ikajibu ya kuwa samaki hushikika kwa mkono, basi ni kitu kinachoshikika. Shauri likapanda hata Mahakama ya Juu ya Marekani, ikatoa hukumu tarehe 25 Februari 2015. Majaji 5 walikuwa upande wa nahodha, na majaji 4 upande wa Serikali. Jaji Ruth Bader Ginsburg, akiandika kwa niaba ya majaji wanne, alieleza ya kuwa maneno ya sheria husomwa pamoja na majirani zake. Hapo maneno “kitu kinachoshikika” yamekaa karibu na “kumbukumbu” na “hati”. Basi maana yake ni kitu cha kuandikia au kuhifadhia habari, si kila kitu kilichomo duniani. Jaji Samuel Alito alikubaliana na matokeo hayo kwa sababu zake mwenyewe. Jaji Elena Kagan, akiandika kwa ajili ya wale wanne waliopinga, alisema samaki ni kitu kinachoshikika kama vitu vingine, na kazi ya majaji ni kuifuata sheria kama ilivyoandikwa. Basi hatia ya shitaka lile zito ikafutwa. Ile hatia nyingine, ya kuharibu mali isikamatwe, ilibaki, maana nahodha hakuipinga huko juu.

Hiyo ni ngao ya kwanza: maneno ya sheria. Mtu haadhibiwi kwa sababu ametenda jambo baya tu, bali kwa sababu tendo lake limekatazwa na sheria ile ile aliyoshitakiwa nayo.

Ngao ya pili ni nia. Twaiona katika shauri la Arthur Andersen, kampuni ya wakaguzi wa hesabu waliokuwa wakikagua vitabu vya Enron. Mwaka 2001, Enron ilipokuwa ikitikisika, watumishi wa Andersen walikumbushwa kuifuata kanuni ya kampuni juu ya kutunza na kuharibu karatasi, na karatasi nyingi zikaharibiwa. Mwaka 2002 kampuni ilionekana na hatia ya kuwashawishi watumishi wake kuharibu hati. Lakini tarehe 31 Mei 2005 majaji wote 9 wa Mahakama ya Juu wakaifuta hukumu ile. Walisema raia waliotoa uamuzi hawakuelezwa sawasawa: ilipasa ithibitishwe kuwa washitakiwa walijua wanatenda uovu, na kuwa walikuwa na shauri fulani mawazoni ambalo walitaka kulizuia. Lakini ushindi huo haukuwafaa sana, kwa kuwa kampuni ilikuwa imekwisha kuacha kazi ya ukaguzi wa hesabu za makampuni makubwa tangu mwaka 2002, na maelfu ya watumishi wamekwisha kupoteza kazi zao.

Sasa tugeukie nyumbani. Sheria ya Adhabu ya Kenya, kifungu cha 116, na ile ya Tanzania, kifungu cha 109, zafanana sana, maana asili yao ni sheria za wakati wa utawala wa Waingereza. Zasema ni kosa mtu kuondoa au kuharibu kwa makusudi kitabu, hati, au kitu cha namna yo yote, akijua ya kuwa kinatakiwa au huenda kikatakiwa kuwa ushahidi kortini, kwa nia ya kukizuia kisitumike. Angalieni maneno “kitu cha namna yo yote”. Yule nahodha angalivua huku kwetu, utetezi wake wa kusema samaki si hati usingalimfaa kitu. Mtu akichoma ngozi ya ng'ombe wa wizi ili chapa isionekane, asitumaini kuponea katika maana ya neno.

Hata hivyo angalieni pia mzigo uliomo ndani ya kifungu hicho. Upande wa mashitaka hauna budi kuonyesha ya kuwa mshitakiwa alijua kitu kile huenda kikatakiwa kortini, na alikiharibu kwa makusudi, na nia yake ilikuwa kuuzuia ushahidi. Mwalimu aliyechoma karatasi kuukuu za shule kama afanyavyo kila mwaka, asijue kuwa liko shauri, hana kosa hilo. Wala si kazi yake kuthibitisha kwamba hana hatia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 yasema mshitakiwa huhesabiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe, na ya kuwa mtu aliyekamatwa ana haki ya kunyamaza. Kunyamaza si kuzuia haki. Lakini kunyamaza ni jambo moja, na kusema uwongo au kumfundisha mwingine uwongo ni jambo jingine kabisa.

Juu ya mashahidi, kifungu cha 117 cha Kenya chasema ni kosa kumshawishi au kumzuia asiende kortini mtu anayepasiwa na sheria kutoa ushahidi, na adhabu yake yaweza kufika miaka 5. Hapa mshitakiwa huulizwa: Ulimwambia nini shahidi, na kwa nia gani? Aliyemwambia, “Nenda ukaseme kweli uliyoiona,” hakuzuia haki. Aliyemwambia, “Siku ile safiri kwa shemeji yako,” ataona vigumu kueleza.

Tena twawaomba machifu na wazee wafikiri sana juu ya suluhu. Kupatanisha majirani ni kazi njema. Lakini kupokea mbuzi au fedha kwa mapatano ya kuwa kosa kubwa lifichwe au shahidi asiseme, hilo ni kosa lenyewe, hata kama pande zote mbili zimeridhika.

Mtu akishitakiwa afanyeje? Asiguse kitu cho chote kingine, wala asiwaendee mashahidi. Atafute wakili mapema, na kabla ya kumwona asiandike wala kutia sahihi jambo asilolielewa. Kisha aulize maswali manne: Sheria iliyotajwa yasemaje, neno kwa neno? Je, nilijua ya kuwa kitu hiki au mtu huyu anatakiwa kortini? Nia yangu ilikuwa nini, na nani awezaye kuishuhudia? Na upande wa mashitaka una ushahidi gani? Kusema “niliogopa” au “niliamriwa na mkubwa wangu” mara nyingi hakuondoi kosa.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Yule nahodha alikuwa na kosa la faini; alipotaka kulificha, likageuka kuwa shitaka la kifungo, likamsumbua karibu miaka 8 tangu siku ya ukaguzi hata siku ya hukumu ya mwisho. Sheria ilimpa ngao, naye akaitumia kwa haki. Lakini kama samaki wale wangaliachwa masandukuni, asingaliihitaji.