Utando wa Mapafu na Askari wa Mwili

Mtu apatapo kishindo kifuani, kama katika ajali ya gari, huenda mbavu zake zisivunjike na hali mapafu yameumia. Mara nyingi kupumua kwake huzidi kuwa kwa shida siku moja au mbili baadaye. Sehemu ya sababu imo katika utando mwembamba mno uitwao safaktanti.

Mapafu yana mamilioni ya vifuko vya hewa vyenye unyevu ndani. Maji hujivuta pamoja, kama tone lionekanavyo juu ya jani; mvutano huo ukiachwa bila kizuizi, vifuko hunywea. Safaktanti, ambayo kwa kadiri ya asilimia 90 ni mafuta na iliyobaki ni protini, huupunguza. Mwaka 1959, Mary Ellen Avery na Jere Mead wa Marekani walionyesha kwamba watoto njiti waliokufa kwa shida ya kupumua walipungukiwa nayo.

Utando huu una kazi ya pili. Protini zake mbili, zijulikanazo kwa herufi A na D, hunasa viini vya maradhi ili vimezwe na makrofeji, yaani chembe za kinga zilindazo vifuko. Pasipo na adui, protini hizo huwatuliza walinzi hao wasipigane ovyo.

Kishindo huvuruga mpango huo. Mishipa midogo huvuja, na protini za damu huingia vifukoni zikaidhoofisha safaktanti. Chembe ziitengenezazo nazo huumia. Ndipo chembe nyeupe za damu ziitwazo neutrofili humiminika. Vimeng'enya vyake havichagui: huharibu pia protini A na D. Hivyo kitulizo hupungua wakati kinapohitajiwa zaidi, na uvimbe waweza kuenea hata pasipopigwa.

Je, safaktanti yaweza kurudishwa? Kwa watoto njiti, ndiyo: Tetsuro Fujiwara na wenzake wa Japani walitangaza mafanikio hayo mwaka 1980. Kwa watu wazima wenye mapafu yaliyoumia vibaya, majaribio makubwa hayakupunguza vifo, kwani utando mpya hutiwa mahali ambapo uharibifu ungali ukiendelea.

Kwa hiyo, aliyepigwa sana kifuani hana budi kuangaliwa na mganga hospitalini, ijapokuwa anatembea na kuzungumza. Vita vya ndani huenda ndiyo kwanza vinaanza.