Vyombo Vyetu Tuvioshee Ndani ya Nini?

Baada ya kula, vyombo huoshwa. Kila nyumba hufanya hivyo. Lakini je, umewahi kukikagua kile chombo ambacho vyombo vingine huoshwa ndani yake? Je, chenyewe ni safi?

Siku moja bibi mmoja alimleta mjukuu wake katika zahanati. Mtoto alikuwa anaharisha. Ilikuwa mara ya tatu katika miezi miwili. Tulimpa maji ya ORS na vidonge vya zinki. Akapata nafuu. Lakini mimi sikuridhika. Nilikwenda nyumbani kwao.

Choo kilikuwepo, tena kizuri. Maji ya kunywa yalichemshwa. Nikajiuliza, ugonjwa unapita wapi?

Nyuma ya jiko nikaona mtumbwi mkuukuu wa kukamulia pombe ya ndizi. Ndani yake mlikuwa na maji ya jana. Kuku walikuwa wanakunywa humo. Sahani na vikombe vilikuwa chini, juu ya nyasi.

"Shikamoo bibi. Mtumbwi huu ndio mnaooshea vyombo?"

"Marahaba mwanangu. Ndio huo. Marehemu mzee aliuchonga mwenyewe. Mpaka leo hauvuji."

"Ni kweli, bibi, hauvuji. Lakini unakunywa."

Nilichukua kijiti nikachokoa ufa mmoja. Yakatoka mabaki ya ndizi na maharage, yameoza na yananuka. Bibi alinyamaza. Kisha akasema, "Kumbe tulikuwa tunaosha sahani kwa uchafu."

Ndugu msomaji, tusimcheke bibi huyu. Huku Karagwe na Kyerwa wengi wetu tunateka maji bondeni na kuyapandisha mlimani. Mtu aliyebeba ndoo kichwani hamwagi maji ovyo. Ndiyo maana maji ya jana hubaki. Lakini vijidudu vya kuharisha hupenda maji machafu yaliyolala na mabaki ya chakula.

SIFA ZA CHOMBO KIZURI

Chombo kizuri cha kuoshea vyombo kina sifa nne:

1. Ni laini, hakina nyufa.
2. Hakinyonyi maji.
3. Husuguliwa kikatakata na kukauka upesi.
4. Hakijawahi kuwekwa sumu.

Sasa tuangalie kimoja kimoja.

UBAO. Ubao hunyonya maji na mafuta. Ukikauka hupasuka. Nyufa hizo hazifikiwi na mkono wala kitambaa. Ubao haufai kuoshea vyombo.

KARAI LA BATI. Ni imara na huoshwa vizuri. Lakini ukilisugua kwa mchanga kila siku, ngozi yake ya juu huisha, kisha kutu huanza. Tumia majivu laini na dodoki. Kutu ikianza kutoboa, lipeleke kazi nyingine.

BESENI LA PLASTIKI. Ni jepesi, na watu wengi wanaweza kulinunua. Adui yake ni mchanga na waya wa kusugulia. Hivyo huacha mikwaruzo, na uchafu hujificha humo. Lisugue kwa dodoki au kitambaa na sabuni. Likipasuka, usilishone kwa uzi. Maji hayatavuja sana, lakini uchafu utakaa katika mshono.

KARO LA SARUJI. Karo ni sinki la kujengwa kwa matofali ya kuchoma na saruji. Hudumu miaka mingi. Lakini karo lenye plasta ya kukwaruza ni baya kama ule mtumbwi. Mwambie fundi achanganye sehemu 1 ya saruji na sehemu 3 za mchanga safi. Juu yake apake saruji tupu na kuisugua mpaka iwe laini. Likae siku 7 likimwagiwa maji kila siku, lisipasuke. Sakafu yake iinamie upande wa tundu la maji. Kimo chake kifike kiunoni mwa mama, asiinamishe mgongo.

SINKI LA CHUMA KISICHOSHIKA KUTU. Ni laini kuliko vyote, nalo ni rahisi kusafisha. Lakini bei yake ni kubwa. Tena sinki bila bomba la kupeleka maji machafu mbali ni mapambo tu. Kama huna fedha, usione haya. Beseni mbili zilizo safi ni bora kuliko sinki moja chafu.

HATARI

Sisi ni wakulima na wafugaji. Katika nyumba zetu kuna madebe na ndoo za dawa za mimea na dawa za kuogeshea mifugo. Nyingine ni nzuri na imara, zinatamanisha. Usioshee vyombo humo! Usiwekee maji wala maziwa! Sumu hubaki hata ukiosha mara kumi. Ndoo za rangi na za oili pia tusizitumie jikoni. Ukinunua ndoo kuukuu mnadani, uliza ilikuwa na nini. Kama muuzaji hajui, iache.

JINSI YA KUOSHA

Tumia beseni mbili. Ya kwanza ina maji na sabuni. Ya pili ina maji safi ya kusuuzia. Anza na vikombe na vyombo vya mtoto, malizia na sufuria. Kama sabuni imekwisha, majivu laini ya kuni huondoa mafuta.

Maji ni haba, kwa hiyo fanya hivi: maji ya kusuuzia ya mchana yawe maji ya kwanza ya kuoshea masufuria mchana huohuo. Kisha yamwage kibanjani, kwenye migomba. Yasilale. Mgomba utakushukuru, na mbu hawatapata dimbwi. Usiyamwage karibu na kisima.

Ukimaliza, sugua na beseni yenyewe. Ifunike juu ya kichanja ipate jua. Usiiache chini kuku wakailalia.

Kichanja kijengwe kwa miti ya mikaratusi, na juu pangwe matete au fito zilizonyooka. Kimo kiwe mita 1 hivi, kuku na mbwa wasifikie. Acha nafasi kati ya fito ili maji yadondoke. Kabla ya mvua za Machi na za Septemba, kagua miguu yake. Mchwa hawana huruma. Usivifute vyombo kwa kitambaa kichafu. Viache jua livikaushe. Jua haliuzwi.

NENO KWA AKINA BABA

Mwaka 1973 wazee wetu walikusanyika kwenye redio kusikiliza kampeni ya Mtu ni Afya. Baada ya kusikiliza, walijadiliana, kisha wakachimba vyoo. Hawakusema kwamba choo ni kazi ya mama. Na kichanja ni hivyohivyo. Ukiuza kahawa, kabla ya kupita kilabuni, kumbuka beseni mbili. Kukata fito ni kazi ya asubuhi moja.

Je, yule bibi alifanya nini? Mwanawe alimnunulia beseni mbili akajenga na kichanja. Mtumbwi wa marehemu mzee haukuchomwa. Sasa mbuzi hunywea humo, na bibi amefurahi. Tangu hapo mtoto hajaletwa tena kwa kuharisha. Sisemi ni beseni peke yake. Bibi pia alianza kunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumlisha. Lakini njia moja ya ugonjwa imezibwa.

Leo, kabla jua halijatua, kachukue kijiti. Chokoa katika nyufa za chombo unachooshea vyombo. Utajionea mwenyewe.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako mnaoshea vyombo ndani ya nini? Kina sifa ngapi kati ya zile nne?
2. Kwa nini ndoo ya dawa isitumike jikoni?
3. Maji machafu ya jikoni kwako yanakwenda wapi?
4. Nani atajenga kichanja, na siku gani?